Kisima Chetu, Hesabu ya Nani?

Mtu akitoka Mtwara mjini akashika njia ya Newala, hajachoka bado ameshafika Naliendele. Hapo wamezikwa askari wetu waliokufa katika kuisaidia Msumbiji, na hapo pana kituo cha utafiti wa kilimo ambacho jina lake linajulikana kila panapoota mkorosho. Leo twataka kusema habari ya gesi. Lakini tutaanzia hapo kituoni, na msomaji atuvumilie, hatujapotea njia.

Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Baadaye watu walihamia katika vijiji, mashamba yao yakabaki nyuma na kuota pori. Bei nayo ilikuwa ya kuvunja moyo. Mwaka 1979 ukaonekana ubwiri unga, ugonjwa unaounguza maua ya mkorosho kabla hayajashika tunda. Kufika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa hayafiki hata tani 20,000. Wako waliosema korosho imekwisha kusini. Watafiti wa Naliendele hawakusema hivyo. Walikaa na ugonjwa ule, wakaujua wakati wake wa kuingia, wakajua lini salfa ipulizwe na lini ni kupoteza fedha, wakachagua miti inayostahimili na kuibebesha. Wageni walitusaidia katika kazi ile, hatukatai, lakini kituo kilibaki chetu na madaftari yalibaki kabatini Naliendele. Katika msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 310,000. Si utafiti peke yake ulioleta jambo hilo, maana bei nzuri nayo humwamsha mkulima alfajiri. Ila mkulima wa Nanyamba leo anaijua maradhi ya mti wake kwa jina, na anajua aende kwa nani kuuliza.

Katika mkutano mmoja wa tawi huko huko Naliendele, mzee mmoja alimgeukia mwenzetu aliyesomea ualimu akamwambia: "Mwalimu, mikorosho yangu naihesabu mwenyewe. Kile kisima cha Msimbati anakihesabu nani?" Mwenzetu alijibu maneno mengi. Mzee akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali lile lile.

Basi na tulijibu.

Gesi ya Mnazi Bay, karibu na mdomo wa Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982 na kampuni ya Kiitalia ya AGIP. Kampuni ikaona haina soko, ikaondoka, na gesi ikalala zaidi ya miaka ishirini mpaka kampuni nyingine ya kigeni ilipokuja kuifufua, na taa za Mtwara zikaanza kuwaka kwayo mnamo miaka ya 2006 na 2007. Huko Songo Songo, Kilwa, mambo yalianza vivyo hivyo: AGIP waligundua mwaka 1974, wakaona haina faida. Lakini huko Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC, halikukubali kuambiwa tu. Lilikuwa changa, liliundwa mwaka 1969 na kuanza kazi mwaka 1973. Hata hivyo kati ya 1976 na 1983 lilichimba visima zaidi, likajua ukubwa wa ile gesi. Gesi ilipoanza kwenda Dar es Salaam mwaka 2004, ilitoka katika visima vya enzi hizo. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Kijana wa leo anadhani kila kisima katika nchi hii ni zawadi ya mgeni.

Kisima hakihesabiwi kwa kuchungulia. Kwanza hupelekwa mitetemo ardhini, na mwangwi wake ukirudi huchorwa kama picha ya matabaka ya miamba. Ndipo huchorongwa kisima, vipande vya mwamba hupimwa, gesi hufunguliwa kwa saa au siku kadhaa na msukumo wake huandikwa. Kisha mwaka hata mwaka huangaliwa msukumo unavyoshuka kadiri gesi inavyotolewa, na kutokana na hapo hukisiwa iliyobaki. Twasema hukisiwa. Tumezoea kusikia kwamba nchi ina gesi futi za ujazo trilioni 57.54, kati yake trilioni 47.13 ziko bahari kuu na 10.41 ziko nchi kavu. Hiyo ni gesi iliyomo ndani ya mwamba, nayo haitatoka yote. Mama anayekuna nazi anajua kwamba tui si nazi nzima, machicha hubaki. Ni sehemu gani itakayotoka, kwa miaka mingapi, kwa gharama gani? Mwenye kujibu hayo ndiye ashikaye mizani wakati wa kupatana bei.

Wako wasemao: waachieni wageni utafiti, maana kisima kimoja cha bahari kuu hula mamilioni ya dola, na kikiwa kikavu hasara ni yao. Neno hilo lina ukweli, nasi hatutaki fedha ya shule na zahanati izamishwe baharini kwa kubahatisha. Lakini wasemao hivyo husahau nusu ya habari. Katika mikataba ya kugawana gesi, kampuni ikifanikiwa kupata gesi hurudishiwa kwanza gharama zake kutoka katika gesi ile ile, ndipo inayobaki hugawanywa. Hivyo panapopatikana gesi, mitetemo tumeilipia sisi, na mashine ya kuchoronga, na mshahara wa mtaalamu, na pengine hata chai yake. Sheria nayo yasema takwimu za utafiti ni mali ya nchi. Tumelipa karo, kwa nini asome mtoto wa jirani?

Tena tazama rika la TPDC. Wanorwe walianzisha Statoil, ambayo sasa huitwa Equinor, mwaka 1972. Ni rika moja na shirika letu. Tungesema wametiwa jando msimu mmoja. Leo Equinor ina gesi iliyoigundua katika kina cha bahari yetu, nasi hatuna hata kisima kimoja katika bahari ya mtu. Labda utasema Wanorwe ni matajiri. Haya, tazama Indonesia, iliyotawaliwa na Mholanzi kama sisi tulivyotawaliwa na Mjerumani na Mwingereza. Maurel & Prom, kampuni ya Kifaransa inayoendesha Mnazi Bay, tangu mwaka 2017 wenye hisa nyingi ndani yake ni Pertamina, shirika la petroli la taifa la Indonesia. Kwa hiyo gesi ya Msimbati huendeshwa na kampuni ambayo mwenye sauti ndani yake ni nchi iliyokuwa koloni, nchi iliyoita mkutano wa Bandung mwaka 1955. Hatuwaonei wivu; tunaona haya.

Tusinyime pongezi panapostahili. Wentworth iliponunuliwa na Maurel & Prom mwishoni mwa 2023, TPDC ilidai haki yake ya mkataba, na fungu letu katika Mnazi Bay likapanda kutoka asilimia 20 hadi 40. TPDC pia imekuwa ikitafuta mafuta yenyewe katika bonde la Eyasi Wembere, mbali na huku kwetu, na ikachoronga visima vifupi vya utafiti. Hizo ni hatua za mtu mzima. Ila asilimia 40 ya hisa si asilimia 40 ya ujuzi. Leseni ya uendelezaji ya Mnazi Bay ilitolewa mwaka 2006 kwa miaka 25, nayo yaishia 2031. Siku hiyo watakaa mezani watu wa pande mbili. Upande mmoja utakuwa umekaa na visima vile usiku na mchana. Upande wetu je, utakuwa na vijana waliovijua visima, au waliosoma taarifa iliyoandikwa na wenzao?

Nchi hii imeshaona kazi kubwa iliyotangulia elimu. Mwaka 1947 Waingereza waliingia na mpango wao wa karanga, Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Bandari ya Mtwara na reli yake vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hakuna aliyekuwa amepima sawasawa udongo wake wala mvua yake. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kula pauni milioni 36 hivi. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini.

Na tuseme jambo ambalo wengi hulipita kwa kunong'ona. Mwaka 2013, Januari na tena Mei, Mtwara iliwaka kwa sababu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Nyumba zilichomwa, watu walikufa. Wengi wetu tulikuwa wanafunzi. Kuchoma nyumba ya mwenzio hakukuwa siasa na hatutakutetea. Lakini watu walitangaziwa bomba kabla hawajaelezwa kisima. Hawakuambiwa kwa lugha yao gesi ni kiasi gani, itatosha nini hapa, itabaki nini. Ndipo uvumi ukapata nafasi. Bomba lilizinduliwa 2015 na gesi inapita. Sasa Ntorya, iliyogunduliwa 2012, ilipata leseni ya uendelezaji mwaka 2024, na gesi yake yatarajiwa kupita kwenye bomba la kilomita kama 35 hadi Madimba. Je, na hapo tutasubiri uvumi?

Kwa hiyo twaidai Serikali, na TPDC, iweke kusini kituo cha utafiti wa gesi kama Naliendele ilivyo kwa korosho, na vijana wetu waingie katika chumba kinachosomewa kisima, si getini na jikoni tu. Kila mwaka wananchi wa Mtwara wasomewe kwa Kiswahili: gesi iliyotoka, msukumo uliobaki, gharama zilizodaiwa na zilizokubaliwa.

Sisi wenyewe katika chama tuna lawama. Matawi yetu yakisikia gesi huuliza ushuru wa huduma wa halmashauri tu, ukiingia, tumeridhika. Twawaomba wenyeviti wa matawi ya Naliendele, Madimba, Msimbati na Ziwani waandike maswali hayo matatu kwa mkono wao na kumpa diwani kabla ya baraza lijalo, na wadai jibu la maandishi. Asiye na karatasi aje ofisini kwetu, tutampa.