Ripoti inapanda Washington, Kolwezi haishuki



Kwa miaka mingi Wizara ya Kazi ya Marekani ilitoa makuta juu ya haki za wafanyakazi katika inchi mbalimbali, na yetu ndani. Mradi wenye tunajua zaidi ni COTECCO. Ulianza 2018, OIT ndiyo iliuongoza, kusudi batoto watoke kwenye machimbo ya kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga.

Makuta hayo hayakuja bila masharti. Kila miezi 3 unaonyesha pesa ilipita wapi. Kila miezi 6 unaeleza kazi: batoto wangapi walifikiwa, wakaguzi wangapi walifundishwa, nini kilikwama. Kisha watu wa inje wanakuja kupima. Wengine wanasema hayo ni kusumbua watu na makaratasi. Sisi tunakataa. Hapa kwetu, pesa isiyo na ripoti inageukaka jeep, na zile jeep tunazijua zote.

Shida yetu ni ingine. Ripoti ilikuwa inapanda tu. Kipimo cha mwisho kinaandikwa Kingereza, kinawekwa kwa intaneti, basi. Mama mwenye kuosha mawe Kolwezi, mwenye mutoto wake ni namba moja katika ile tabelo, atasoma nini? Na ile namba inasema nini? Mutoto akipewa kaye na iniforme, amehesabiwa. Trimestre ya pili akirudi kwenye shimo juu baba hana kazi, nani anamutosha kwenye hesabu?

Mwezi wa 3, 2025, Marekani ilikata misaada ya ile wizara dunia nzima. Pesa imeenda, na hesabu inaenda nayo. Kobalti haikwendi popote: zaidi ya nusu ya ile ya dunia inatoka hapa, na batoto wangali wanabeba mifuko.

Kwa hiyo tunaomba serikali ya Kinshasa, yenye inakamata kodi ya ile kobalti, ifanye yenyewe: inspeksheni ya kazi itoe ripoti kila miezi 6, kwa Kiswahili, isomwe kwa radio za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi. Bila majina ya batoto. Ionyeshe waliobaki masomoni kiisha mwaka, hapana tu waliopewa kaye. Na makuta yaliyotumika, hadi franka ya mwisho.

Ya kwanza tunaingojea mbele ya mwisho wa mwaka wa masomo.