Wati Moja Itaamsha Mtoto wa Jirani

Kuna ushauri unazunguka kati ya wapiga gitaa wa mtaa, na umezunguka vya kutosha. Unasema hivi: ukitaka kurekodi kwa keja, tafuta amplifaya ya valvu yenye wati chache. Tano, mbili, hata moja. Sauti itakuwa nene, kelele itakuwa kidogo. Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili ni hadithi ya watu wenye kuta za mawe.

Tuipe valvu haki yake. Ikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake, haikati sauti ghafla. Inaikunja polepole, na kidole kinasikia hiyo tofauti kwenye uzi. Ndiyo maana watu wanataka wati chache: ampu ya 50 ukiifikisha hapo, Juja Road nzima itajua unafanya mazoezi. Ya 5 inafika mapema. Halafu utaambiwa Eric Clapton alirekodi Layla mwaka 1970 kwa Fender Champ, kidude cha wati kama 5. Sawa. Lakini alikuwa Criteria Studios, Miami. Hakuwa kwa chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi huku Mabatini.

Sasa hesabu. Kutoka wati 50 hadi 5 unapunguza desibeli 10 tu, na sikio linasikia hiyo kama nusu. Nusu, si sehemu ya kumi. Spika ya kawaida ya gitaa ukiipa wati 1 inatoa kama desibeli 95 hadi 100 ukiwa mita moja mbele yake. Na mita moja ndiyo nafasi yote uko nayo kati ya kitanda na mlango. Mabati hayazuii sauti, yanaimba nayo. Upande wa pili kuna mama ametoka kazi ya usiku, na mtoto wake anasomea mtihani. Ukisema utashusha volyumu, basi valvu za nguvu zimelala, na kile ulichonunua hukisikii tena.

Hilo ni la majirani. Hili ni la maisha yako. Ndani ya ampu ndogo ya valvu kuna volti 200, 300 na zaidi, na kapasita zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuichomoa. Ukileta ya Marekani ya volti 120 na kuichomeka moja kwa moja kwa 240 yetu, umenunua moshi. Na ile chuma ya ampu lazima ishikwe na waya wa ardhini, ule wa kijani na manjano. Ni nyumba ngapi za bonde hili ziko nao? Stima ya sambaza mara nyingi inakuja na nyaya mbili, basi. Nyuzi za gitaa zimeungwa na hiyo chuma, kwa hivyo ampu ikiharibika ndani, stima inatafuta njia, na njia ni wewe. Mwaka 1972 Les Harvey wa Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyo na waya wa ardhini huku ameshika gitaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba huu ushauri hautuulizi tunapiga nini. Valvu iliyosukumwa ni sauti ya rock na blues. Benga inataka kinyume: gitaa safi, kali juu, kila noti isimame peke yake hata mkono ukikimbia. Sikiza D.O. Misiani na Shirati Jazz uniambie ni wapi walihitaji sauti ichafuke. Rudi nyuma zaidi: George Mukabi alijenga omutibo kwa gitaa kavu na chupa ya Fanta ikigongwa. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, Katanga, mwaka 1952, gitaa kavu, bila ampu yoyote mbele yake. Hakuna anayesikiza hizo rekodi akauliza wati.

Kwa hivyo doh yako ianze mahali pengine. Nunua nyuzi mpya. Peleka gitaa kwa fundi alinganishe shingo. Tafuta intafesi ndogo inayoingia kwa simu, programu ya ampu, na earphone nzuri. Simu ikitumia chaji yake yenyewe, hauko kwa stima ya mtu, na hata saa nane usiku hakuna jirani atakugongea ukuta.

Na kama roho yako imekataa, ni valvu tu, basi isiwe ya keja. Fanyeni chama, wasee wanne, mnunue moja, ikae kwa ukumbi wa mawe wenye soketi ya nyaya tatu: kanisa, social hall, studio ya vijana. Msiiwashe hata siku moja bila spika kuunganishwa, mtaunguza transfoma. Rekodini mchana.

Na wewe unayetoa huo ushauri, kabla ya kuuliza mtu ana pesa ngapi, muulize ukuta wake ni wa nini, na soketi yake ina nyaya ngapi.