Shilingi Imara, Neno Legevu

Kila dola inaposhuka bei, vyombo vyetu vya habari hutangaza kwamba shilingi "imeimarika". Sisi tunaojishughulisha na Kiswahili hatuna budi kuuliza: imeimarika kwa kipimo kipi?

Wanauchumi hutofautisha bei ya dola inayobandikwa benki na kiwango halisi cha ubadilishaji, yaani bei hiyo ikipimwa pamoja na bei za vitu nyumbani na ugenini. Mwaka 1964 Béla Balassa na Paul Samuelson, kila mmoja kivyake, walieleza jinsi tija inavyokisukuma kiwango hicho. Tuitazame nadharia yao tukiwa Wundanyi. Mkonge wa jirani zetu wa Mwatate huuzwa ng'ambo kwa bei ya soko la dunia. Wafanyakazi wawili wakivuna kiasi kilichovunwa na wanne, mwajiri aweza kuwaongeza ujira bila kupandisha bei. Kinyozi wa Wundanyi, ambaye mkasi wake haujaongeza kasi hata chembe, naye atadai zaidi, la sivyo ataiacha kazi hiyo aende penye malipo mema. Kwa kuwa kunyoa hakupakiwi melini, hakuna kinyozi wa ng'ambo wa kumshindania wateja. Bei yake itapanda. Hali hiyo ikienea nchi nzima, dola moja itanunua huduma chache kuliko awali, hata kama bei yake benki haikubadilika. Hapo shilingi imepanda kihalisi, tena kwa jasho lililozaa matunda.

Sivyo ilivyokuwa mwaka 2024. Dola iliyokaribia shilingi 160 mwezi Januari ilishuka hadi karibu 130 miezi michache baadaye, hasa baada ya serikali kukopa dola bilioni 1.5 mwezi Februari ili kulipa sehemu ya deni la mwaka 2014. Hofu ya wawekezaji ilipungua. Tija haibadiliki kiasi hicho kwa majuma machache. Kupanda kwa namna hii humpunja muuza mkonge: dola zake humletea shilingi chache, ilhali ujira anaolipa ni ule ule.

Matukio mawili, yenye sababu na matokeo tofauti, yamebebeshwa kitenzi kimoja. Napendekeza tuseme "dola imeshuka bei" tunapokusudia bei ya benki, na "shilingi imepanda kihalisi" pale tu tulipolinganisha bei za nchi mbili. Neno "tija" tunalo. Tulitumie tunapoeleza chanzo. Mwananchi asiyepewa tofauti hii katika lugha yake hawezi kumwuliza kiongozi swali linalostahili: shilingi imepandishwa na kazi, au na mkopo?