Tamko la Wasanii na Watengeneza Maudhui wa Karagwe na Kyerwa Kuhusu Ubaguzi na Udhalilishaji Miongoni mwa Mashabiki Wetu

Sisi waimbaji, wachekeshaji, watangazaji, waongozaji wa video na watengeneza maudhui wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, tunatoa tamko hili kwa mashabiki wetu, kwa wenzetu wa fani na kwa umma. Linahusu matusi ya kibaguzi na udhalilishaji unaofanywa na watu wanaojiita mashabiki wetu, chini ya kazi zetu na ndani ya magrupu yanayobeba majina yetu.

Mfano wake kila mmoja wetu ameuona. Msichana anaweka video akiimba kwa Kinyambo, lugha ya kwetu. Komenti ya kwanza inasifu sauti. Ya pili inauliza hiyo pua ni ya wapi. Ya tatu inajibu: ng'ambo, yaani ng'ambo ya mpaka. Hadi jioni wimbo umesahaulika. Watu wanajadili urefu wa shingo yake, anavyotamka maneno, jina la babu yake, na mmoja ameshauri Uhamiaji waitwe. Mwenye ukurasa ananyamaza kwa sababu video inapanda.

Tunajua yupo atakayesema huo ni utani tu. Utani tunaufahamu na tunaupenda. Lakini mtani ana haki ya kujibu, na siku ya msiba ndiye anayefika mapema. Anayemwandikia asiyemjua kwamba arudi kwao hana undugu wa namna hiyo naye. Na katika wilaya hizi mbili, kumwita mtu Mnyarwanda au mhamiaji kwa nia ya kumtenga ni kumtia hatarini. Mwaka 2013 serikali iliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba ya mwaka huo Operesheni Kimbunga ikaendeshwa Kagera, Kigoma na Geita. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo watu walioishi hapa miongo kadhaa, wenye migomba yao na wajukuu wao. Zipo familia zilizogawanyika, mume akabaki huku na mke akavuka mpaka. Nani ni raia na nani si raia ni suala la sheria, na lina vyombo vyake. Mashabiki wa muziki hawakupewa kazi ya kulipima kwa pua.

Kupima watu kwa maumbile kuna historia hapa hapa kwetu, na tunataka vijana waijue. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, akapokewa kwa ukarimu na Mfalme Rumanyika. Katika ikulu hiyo alimpima kwa futi mwanamke wa ukoo wa kifalme, unene wa mkono, kifua, paja, na vipimo hivyo akavichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1863. Kitabu hicho ndicho kilichoeneza dai kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa makuu walikuwa jamii nyingine, bora kuliko wenzao, iliyotoka upande wa Uhabeshi. Dai hilo halikuwa na ushahidi. Hata hivyo wakoloni wa Kijerumani na wa Kibelgiji walilifanyia kazi katika nchi jirani ya Rwanda, hadi miaka ya 1930 kabila likaandikwa kwenye vitambulisho. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuchagua nani auawe. Wakimbizi walipomiminika Ngara na Karagwe mwaka huo, wazazi wetu waliwaona kwa macho yao.

Kwa msanii somo la mwaka 1994 lina jina. Simon Bikindi alikuwa mwanamuziki maarufu wa Rwanda, mwenye mashabiki wengi. Tarehe 2 Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilimhukumu kifungo cha miaka 15. Hakutiwa hatiani kwa kutunga nyimbo. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti akiwa barabarani kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu waue Watutsi. Umaarufu wake ulikuwa sehemu ya uzito wa kosa, kwa kuwa watu humsikiliza wanayempenda. Hatusemi komenti moja ni sawa na mauaji ya kimbari. Tunasema aliye na watu wanaomsikiliza anawajibika kwao kuliko asiye nao.

Liko na la watu wenye ualbino, na hili tunaliandika kwa uchungu. Chini ya video za wenzetu hawa kuna wanaoandika "dili", yaani biashara ya viungo vyao, wakaambatanisha alama za fedha. Mei 2024 mtoto mwenye ualbino ambaye hakuwa amefikisha hata miaka mitatu alinyakuliwa kwao wilayani Muleba, katika mkoa huu huu, akakutwa ameuawa. Baada ya hapo hatukubali neno hilo liitwe mzaha, na hatutalivumilia kwa dakika moja.

Wanawake wa fani yetu wanatukanwa umalaya, na picha zao za faragha zinasambazwa kwenye magrupu. Anayesambaza na kiongozi wa grupu anayemwacha wote wana hatia mbele yetu.

Tusisahau pia wanaotusikiliza kutoka ng'ambo ya mpaka wa Murongo. Kinyambo na Kinyankole vinasikilizana, na nyimbo zetu zinapigwa upande wa Uganda. Shabiki anayetukana "watu wa ng'ambo" anatukana sehemu ya watu wanaotulisha.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kinachoachwa kwenye ukurasa wa mwenzetu yeyote tutakihesabu kuwa amekiridhia. Matusi ya asili, rangi, ualbino au jinsia yataondolewa, aliyeandika atazuiwa, na mwenye ukurasa atatoka mbele ya mashabiki wake, kwa sauti yake mwenyewe, kumtetea aliyeshambuliwa. Kufuta kimyakimya hakutoshi. Mwaka 2022 mwigizaji mweusi wa Marekani, Moses Ingram, alipotukanwa na mashabiki wa filamu za Star Wars, mwenzake Ewan McGregor alijirekodi akisema waziwazi kwamba anayetuma matusi hayo si shabiki. Tunataka ujasiri huo Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Kaisho. Atakayechochea matusi ili apate kiki tutamwacha nje ya matamasha na kazi zetu za pamoja.

YouTube, Facebook na TikTok zinamruhusu mwenye ukurasa kuorodhesha maneno yasiyotakiwa. Orodha hiyo haitoshi kwetu, kwa sababu matusi mengi yanaandikwa kwa Kinyambo, Kihaya au Kinyarwanda, mengine kwa mafumbo ambayo mashine haiyaoni. Kila ukurasa mkubwa uwe na mtu anayezijua lugha hizi, na alipwe. Kusoma matusi ya watu kutwa nzima ni kazi nzito.

Sheria ipo. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa utaifa, kabila, pahali alipotokea, rangi, dini au jinsia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazuia maudhui na matusi ya kibaguzi pamoja na unyanyasaji wa mtandaoni. Vitisho vya kudhuru mwili tutavipeleka polisi. Lakini tusieleweke vibaya: hatutaki sheria hiyo itumike kumfunga mdomo shabiki anayesema wimbo ni mbovu au mchekeshaji hachekeshi. Hiyo ni haki yake, na nasi tunaihitaji.

Kwenu mashabiki: mnapoona tusi la namna hii, msilijibu kwa tusi na msilisambaze hata kwa nia ya kulaani. Pigeni picha ya skrini, mtumieni mwenye ukurasa, ripotini komenti hiyo, kisha mwandikieni aliyetukanwa neno la heshima palepale, hadharani, ili alione. Asiyeweza kuishi na masharti haya, tunamwomba aondoke kwenye kurasa zetu leo.

Imetolewa Kayanga, Karagwe, kwa niaba ya wasanii na watengeneza maudhui wa wilaya za Karagwe na Kyerwa.