Seli Huhifadhiwa, Malezi Hayahifadhiwi



Ndugu msomaji, vijana wetu hapa Nyarubungo huuliza maswali mazito baada ya swala ya Ijumaa, na maswali hayo hayafai kujibiwa kwa kukemea. Mojawapo ni hili: ni kweli kwamba wataalamu wanataka kurudisha kizazi cha mnyama anayetoweka kwa kutumia kipande cha ngozi? Na kama ni kweli, je, si kuingilia kazi ya Muumba?

Mnyama anayezungumzwa ni faru mweupe wa kaskazini, ambaye makazi yake yalikuwa Uganda, Sudan, Chad, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Kongo. Mwaka 1960 walihesabiwa zaidi ya 2,000. Vita na tamaa ya pembe vikawafyeka, na ngome yao ya mwisho porini ikawa Hifadhi ya Garamba, Kongo. Desemba 2009 faru wanne waliokuwa wakifugwa Jamhuri ya Cheki waliletwa Ol Pejeta, katika kaunti ya Laikipia nchini Kenya, kwa matumaini kwamba ardhi ya Afrika ingewafanya wazae. Hawakuzaa. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Machi 19, 2018, akiwa na umri wa miaka 45. Wamebaki majike wawili, Najin na binti yake Fatu, na wote wawili hawawezi kubeba mimba.

Agosti 2019 wataalamu walianza kuchukua mayai ya majike hayo na kuyapeleka maabara nchini Italia, ambako hurutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa, zilizohifadhiwa katika baridi kali. Viinitete zaidi ya 30 vimepatikana, navyo vimekusudiwa kupandikizwa kwa majike ya faru weupe wa kusini. Januari 2024 ilitangazwa kwamba kiinitete cha faru wa kusini kilichopandikizwa kwa njia hiyo kilishika. Mama alikufa kwa maambukizi ya bakteria, lakini mimba ya siku 70, yenye kitoto cha sentimita 6.4, ilithibitisha kuwa njia inapitika.

Hata hivyo, mfugaji yeyote wa Ngara au Biharamulo ataona kasoro mara moja. Viinitete hivyo vimetokana na mama mmoja, Fatu, na madume wachache. Kundi la ndugu watupu hudhoofika. Hapo ndipo elimu ya seli shina inapoingia.

Kila seli mwilini ina kazi yake: ya ngozi ni ngozi, ya moyo ni moyo. Seli shina ni ile ambayo bado haijapangiwa kazi, kama mwali asiyejua ataolewa ukoo gani. Waganga wa mifugo wamekwisha kuitumia elimu hii kutibu farasi walioumia kano, kwa seli zinazotolewa katika uboho au mafuta ya farasi yule yule. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani alionyesha kwa panya kwamba seli iliyokwisha kupangiwa kazi inaweza kurejeshwa katika hali ya ushina, na mwaka 2012 akatunukiwa Tuzo ya Nobeli. Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walifanya hivyo kwa seli za ngozi ya Fatu. Desemba 2022 Katsuhiko Hayashi wa Chuo Kikuu cha Osaka na wenzake walitangaza kwamba, kutokana na seli za Nabire, jike aliyekufa mwaka 2015, wamepata seli zinazofanana na zile za mwanzo kabisa ambazo humea kuwa mayai au mbegu. Yai kamili bado ni safari.

Sasa turudi kwa swali la vijana. Fatwa tuwaachie wanazuoni. Ninaloliona mimi ni kwamba hakuna aliyeumba hapo. Ngozi ilikuwapo, uhai ulikuwamo, na mpango wa seli uliwekwa na Mwenyezi Mungu kabla maabara haijajengwa. Nabii Nuhu (a.s.) aliamrishwa kupakia wanyama jozi jozi jahazini, kuhifadhi kizazi cha kiumbe si jambo geni katika dini yetu.

Wako wanaouliza kwa haki: kwa nini gharama yote hii, ilhali wako watoto wanaolala na njaa? Swali hilo waulizwe kwanza walionunua pembe. Kulinda ni rahisi kuliko kufufua, na anayechelewa kuziba ufa hujenga ukuta.

Lakini jambo lililonigusa zaidi ni haraka ya wataalamu. Wanataka ndama azaliwe Najin na Fatu wakiwa hai, ili ajifunze kwao mwenendo wa faru wa kaskazini. Seli yaweza kukaa kwenye baridi miaka hamsini na isipotee. Malezi hayana jokofu. Najin alizaliwa mwaka 1989. Siku zake zinahesabika, na zikiisha, ndama atakayekuja atakuwa na mwili wa ukoo wake bila mafunzo ya wakubwa wake.

Sisi tulio jirani na mto Kagera tunayo mifano karibu. Ng'ambo ya mto, Rwanda, hifadhi ya Akagera ilipoteza faru wake weusi kabisa. Mwaka 2017 wakaletwa 18, na mwaka 2021 wakaongezwa faru weupe 30. Kwetu, Rubondo katika Ziwa Viktoria, faru weusi waliopelekwa miaka ya 1960 walimalizwa na majangili.

Wazazi wenzangu, mtoto anayemwona baba akitega waya porini, au akimwacha mbuzi mgonjwa hadi afe ndipo aulizie dawa, amekwisha kufundishwa. Mwiteni bwana mifugo mapema, na watoto wawaone mkifanya hivyo. Babu na bibi wangali hai. Waketi na wajukuu leo.

Wabillahi tawfiq.