Peremende na Makaa

Waulizeni vijana waliosoma historia jinsi mji wa Berlin ulivyookolewa baada ya Vita Kuu ya Pili, na wengi watawajibu kwa hadithi ya peremende. Watawatajia Gail Halvorsen, rubani Mmarekani aliyewadondoshea watoto vitu vitamu kwa vimiavuli vya leso. Hadithi hiyo ni ya kweli, na mwenyewe alikuwa mtu wa huruma. Lakini nasema imewekwa mahali pasipo pake: kiungo kimeitwa chakula. Waandishi na walimu wanaoifanya kuwa moyo wa jambo hili wanawafundisha watu kosa, na kosa hilo lina madhara.

Tuyatazame mambo yenyewe. Mwezi wa Juni 1948, mataifa ya Magharibi yalileta sarafu mpya katika sehemu zao za Ujerumani, kisha katika sehemu zao za Berlin. Tarehe 24 ya mwezi huo Warusi walifunga barabara, reli na njia za maji. Watu zaidi ya milioni mbili wakabaki kisiwani katikati ya nchi kavu. Anga halikufungwa, wala hapana muujiza katika hilo. Tangu 1945 palikuwa na mapatano yaliyoandikwa juu ya njia tatu za ndege kuingia Berlin. Kwa barabara hapakuwa na hati ya namna hiyo. Kuziba njia za anga kulitaka kutungua ndege, na kutungua ndege kulikuwa kuanzisha vita. Basi msingi wa kwanza wa wokovu ule ulikuwa karatasi.

Msingi wa pili ulikuwa makaa ya mawe. Hadi Septemba 1949 ndege zilikuwa zimepeleka tani zaidi ya milioni mbili, na karibu theluthi mbili zake zilikuwa makaa. Makaa hayamchekeshi mtoto, na gunia lake humchafua alibebaye. Lakini pasipo makaa hapana taa, hapana mtambo, na unga haugeuki mkate. Viazi vilikaushwa ili visibebwe pamoja na maji yake. Chumvi, kwa kuwa hula chuma, Waingereza waliipakia katika ndege za majini zilizotua katika ziwa la Havel. Huo ndio ushairi wa jambo hili, kwa mwenye masikio ya kuusikia.

Msingi wa tatu ulikuwa utaratibu. Tarehe 13 Agosti 1948, katika mvua na mawingu mazito, ndege zilisongamana juu ya uwanja wa Tempelhof hata zikakaribia kugongana. Jenerali William Tunner aliamuru zilizokuwa zikisubiri angani zirudi zilikotoka, na tangu hapo rubani aliyekosa kutua mara moja hakupewa nafasi ya pili. Alirudi na mzigo wake. Katika saa 24 za tarehe 15 na 16 Aprili 1949, mji ulipokea karibu tani 13,000, zote za makaa. Ushujaa usio na utaratibu hauzai hesabu hiyo. Majeshi ya anga ya Ujerumani yenyewe yaliahidi kulilisha jeshi lao lililozingirwa Stalingrad mwaka 1942, yakashindwa, na jeshi likaangamia.

Msingi wa nne walikuwa watu wa Berlin. Maelfu yao, wengi wakiwa wanawake, walijenga uwanja wa Tegel kwa miezi mitatu hivi, wakitandika chini vifusi vya nyumba zao zilizobomolewa na mabomu. Anayesimulia habari za mtoaji na kumsahau mpokeaji aliyebeba sururu, amefanya watu kuwa ombaomba ambao hawakuwa ombaomba.

Wapo watakaonijibu kuwa hadithi tamu huvuta mioyo, na moyo ukivutwa mkono hufuata. Ningekubali kama mkono ungefuata kwa kazi ile ile. Lakini tazameni: peremende zilidondoshwa, makaa yalitua. Aliyefundishwa kwa peremende hudhani kuwa mji uliozingirwa hulishwa kwa vitu vya kudondoshwa. Mwezi wa Machi 2024, Gaza, penye watu wapatao milioni mbili, ndege za mataifa kadhaa zilidondosha vifurushi vya chakula kwa miavuli, na picha zake zikaenea dunia nzima. Vifurushi vingine viliangukia baharini. Malori yenye mizigo yalikuwa yakingoja nje ya mipaka. Hapo utamu wa hadithi ulikuwa umefanya kazi yake: mtazamaji aliridhika, mwenye njaa hakushiba.

Wala Berlin haikufunguliwa na ndege peke yake. Mataifa ya Magharibi nayo yalizuia bidhaa zao zisiingie sehemu ya Warusi, na mazungumzo yakafuata. Barabara zikafunguliwa tarehe 12 Mei 1949. Ndege zilinunua muda. Mlango ulifunguliwa kwa siasa.

Gharama yake ilikuwa roho za watu zaidi ya 70, wengi wao wakifa katika ajali za ndege na za viwanjani. Tukiwataja, tuwataje pamoja na magunia waliyoyabeba. Na mtu akituonyesha mwavuli unaoshuka juu ya mji wenye njaa, tusimwulize una rangi gani. Tumwulize ni tani ngapi, na barabara itafunguliwa lini.