Banda la Ng'ombe Si la Wageni

Nina ugomvi na mabanda ya ng'ombe yanayojengwa ili yatazamwe. Hapa kwetu Karatu yapo ya kutosha: kuta za matofali toka chini hadi paani, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka inateleza, mlango uliopakwa rangi ya kijani, na ndani yake ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kwanza kuingia katika nyumba hiyo, akitoa lita nne kwa siku huku mbavu zake zikihesabika. Mgeni akifika huonyeshwa banda. Haonyeshwi ndoo, wala njia ya kwenda bombani. Mimi nasema banda la ng'ombe wa kwanza lazima lijengwe kwa kipimo cha mtu atakayebeba maji, majani na samadi. Na mtu huyo, katika nyumba nyingi ninazozijua, ni mama. Asipoulizwa kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa, banda hilo ni fahari ya baba na ng'ombe ni mzigo wa mama.

Ndugu msomaji, tufanye hesabu, maana jambo hili halihitaji hasira bali mizani. Ng'ombe chotara wa kilo 400 hivi, anayekamuliwa, hunywa maji kiasi cha lita 60 kwa siku, na huzidi hapo wakati wa jua kali akilishwa mabua makavu. Hula majani mabichi yasiyopungua kilo 40. Hutoa kinyesi kilo 20 hivi, nacho hakitoki bandani bila mtu na koleo. Jumlisha: kilo 120. Gunia la mahindi lina kilo 100. Kwa hiyo baba anaponunua ng'ombe mmoja na kumfungia ndani, ameamuru kwamba kila siku ya Mungu, Krismasi na siku ya msiba zikiwemo, mtu fulani katika nyumba yake abebe gunia zima na nyongeza juu yake. Je, mtu huyo aliitwa kwenye kikao?

Uzito ni nusu tu ya habari. Lita 60 ni ndoo tatu. Bomba likiwa nusu kilomita kutoka bandani, ndoo tatu ni kilomita tatu za kwenda na kurudi. Ng'ombe wa maziwa hukamuliwa siku 300 hivi kwa uzao mmoja. Basi ni kilomita 900. Safari ya barabara kutoka Karatu hadi Dar es Salaam haifiki umbali huo. Na nusu ya mwendo wote huo mama anakwenda na kilo 20 kichwani. Hiyo nusu kilomita nayo nimeitaja kwa huruma, maana wapo wengi wilayani humu ambao wakati wa kiangazi wangeshukuru kupata bomba la karibu hivyo.

Niliwahi kushuhudia mradi mmoja uliokopesha mitamba kwa utaratibu tunaoujua sote, kopa ng'ombe lipa ng'ombe: unapewa mtamba mwenye mimba, na akizaa jike, ndama huyo unampa jirani. Utaratibu wenyewe siugusi, ni mzuri, nao umeleta maziwa katika nyumba ambazo zisingeweza kununua ng'ombe maisha yao yote. Ugomvi wangu ni sharti la banda. Mkaguzi alikuja na futi. Akapima kimo cha ukuta, akapima upana wa kizimba, akaandika. Hakuuliza maji yako wapi, wala nani atakata majani. Mwenye nyumba alikuwa ameuza mbuzi wake na kukopa saruji ili apasi mtihani huo. Mke wake, aliyekuwa amesimama kando na mtoto mgongoni, aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hawa wanampima ng'ombe. Mimi watanipima lini?"

Swali hilo lingeshangaza wazee wetu, kwa sababu wao walilijibu zamani. Chukua Wamaasai, jirani zetu wa Ngorongoro. Kwa desturi yao mwanamume hujenga ua wa miiba, lakini nyumba hujengwa na mwanamke, na mkamaji ni huyo huyo. Ndiyo maana ndama wachanga wana chumba chao ndani ya nyumba, hatua chache kutoka kitandani: aliyepanga nyumba ni yule anayeamka kuwatazama. Chukua na Wairaqw wa kule Mbulu, katika milima ya Kainam. Ng'ombe walilala chini ya paa moja na watu, shamba likiwa limeizunguka nyumba, hivyo samadi ilisafiri hatua chache tu hadi kwenye mtama na mahindi. Watu hao hawakuwa na futi wala saruji, lakini walijua nani anabeba nini.

Wengine hunijibu kwamba hayo ni ya kale, na kwamba mifugo ya siku hizi haifugwi hivyo. Kweli, mambo yamebadilika. Ukipita lango la Lodoare na kuingia Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ng'ombe wa nyanda za juu bado huyafuata majani kwa miguu yake. Huku kwetu nje ya lango ardhi imelimwa mpaka ukingoni mwa msitu: mahindi, maharage, mbaazi, ngano, kahawa. Hakuna malisho ya kuzurura, kwa hiyo majani hayana budi kumfuata ng'ombe. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu yenyewe! Kazi iliyokuwa ikifanywa na miguu minne sasa inafanywa na miwili. Banda basi liwe chombo cha kupunguza kazi hiyo. Lisipoipunguza, hata likiwa zuri namna gani, halijatimiza kazi yake.

Lijengweje? Fedha kidogo iliyopo ianzie juu, siyo ukutani. Bati si anasa, kwa sababu bati ni kisima. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita sita kwa nne, katika mwaka wenye mvua ya milimita 800, hupokea zaidi ya lita 19,000. Yatapotea mengi, najua, lakini weka mfereji wa bati na tangi la lita 5,000, na tangi likijaa ng'ombe wako atakunywa karibu miezi mitatu bila mtu kwenda bombani. Gharama ya tangi itoke wapi? Itoke kwenye ukuta. Ng'ombe hahitaji kuta nne. Anahitaji ukuta mmoja, upande unakotoka upepo, kwa ajili ya ukungu na baridi ya Juni na Julai inayoshuka kutoka Ngorongoro. Pande nyingine zitoshe nguzo na fito, hewa ipite, harufu kali ya mkojo isiwaumize mapafu. Sisi tulio karibu na msitu tuzibane fito hizo na kufunga lango vizuri usiku, maana fisi naye anapenda ndama.

Sakafu iwe ya mawe na kifusi kilichoshindiliwa, na saruji ikipatikana iachwe na mikwaruzo, isisuguliwe, kwa kuwa ng'ombe akiteleza na kuvunjika nyonga hakuna atakayemwinua. Iinamie nyuma, sentimita mbili au tatu kwa kila mita, mkojo utiririke wenyewe hadi kwenye shimo la samadi. Shimo liwe upande wa shamba, tena mahali palipo juu ya shamba, ili samadi ibebwe kwa kuteremka. Hori liwe upande yanakotokea majani, na mtu ajaze akiwa nje bila kuingia matopeni. Majani ya tembo yapandwe kwenye matuta na mipaka ya shamba, jirani na banda, tena mapema, kabla ng'ombe hajaja. Mabua ya mahindi na mbaazi yahifadhiwe chini ya paa hilo hilo.

Bwana mifugo mmoja aliniambia kwamba nikiwaachia watu wajipangie, watafuga matopeni, na kiwele kitaoza kwa ugonjwa. Hofu yake naielewa. Lakini viwango anavyovitaka ng'ombe ni vichache: mahali pakavu pa kulala, maji mbele yake mchana na usiku, kivuli, chakula kisichokanyagwa, na mkono safi wakati wa kukama. Rangi ya mlango haioni. Na mkono safi unataka maji, maji yale yale ambayo mkaguzi hakuyauliza. Mama aliyekwisha kwenda bombani mara tatu hataongeza safari ya nne kwa ajili ya kunawa kiwele. Anayetaka usafi na alete maji karibu kwanza, kisha aje na mahubiri.

Wapo pia akina baba wanaosema, fedha ni yangu, nitajenga ninapotaka. Ndugu yangu, fedha ya bati hutoka mfukoni mara moja. Zile kilo 120 hulipwa kila siku, na anayezilipa si wewe. Katika biashara yoyote nyingine, mwenye kulipa zaidi ndiye mwenye kauli.

Kwa hiyo yeyote anayejiandaa kupokea mtamba wake wa kwanza, awe ni wa kununua au wa kukopa, kabla hajaita fundi akate vigingi vinne na kumkabidhi mama watoto. Yeye atembee kiwanjani, atazame paa la nyumba, njia ya shambani, jua na upepo, kisha avipigilie anapoona panamfaa. Baba asiyependa mahali vilipopigiliwa anayo ruhusa ya kuvihamisha, kwa sharti moja: kuanzia siku hiyo ndoo ni zake.